Gauni Lenye Mshono Kifuani

Mtaani wanamwita Misumari. Ukimuuliza mwenyewe atakuambia ni kwa sababu ya kazi: fundi makochi hujaza misumari midogo mdomoni, kisha huisukuma kwa ulimi mmoja mmoja, na nyundo inafuata. Lakini waliompa jina hilo hawakuwa na habari na kazi yake. Walikuwa wakifikiria maneno yake. Mwanamke huyu hata asipokuwa na kitu mdomoni, ukimsogelea vibaya utachomwa, na wapo wateja watu wazima kabisa ambao humtuma mtu kuchukua kochi lao kuliko kwenda wenyewe.

Ana miaka hamsini na mbili na mabega ya mtu aliyezoea kubeba fremu za mbao. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na mama yake, chumba chenye mlango wa mabati unaofunguka moja kwa moja barabarani. Sponji zimesimamishwa ukutani, magunia yamekunjwa pembeni, mabaki ya vitambaa yamejaa kwenye ndoo tatu. Ana sheria moja ambayo ameirudia mpaka imewachosha watu: yeye hafuniki juu ya kitambaa cha zamani. Mafundi wavivu, na wamejaa tele, hupigilia kipya juu ya kilichochakaa. Kochi linatoka linameta, kumbe ndani limebeba jasho la watu waliokwisha kuzikwa.

"Kwangu mimi kochi linavuliwa mpaka mti," huwaambia. "Ukilionea aibu, lipeleke kwa mwingine."

Kwenye mkono wake wa kushoto, kati ya kiwiko na kifundo, ana kovu lenye umbo la ncha ya pasi. Limetandaa, linang'aa, na siku za baridi linawasha. Kisa cha kovu hilo anakijua kila mtu aliyewahi kukaa karakanani zaidi ya nusu saa. Yeye alikuwa na miaka mitano, dada yake kumi na mmoja. Mama alinunua kitambaa cha maua mekundu, akamwahidi dada gauni, halafu akabadili mawazo akamshonea mdogo. Dada wivu ukamkaba. Siku moja mama ametoka, dada akachukua pasi ya mkaa iliyokolea moto, akamvuta mdogo wake mpaka kwenye kochi la mama, lililovishwa maua hayohayo, akamkandamiza nayo mkononi. Akasema, "Sasa livae." Halafu akacheka.

Kama ushahidi, Misumari amelihifadhi gauni lenyewe ndani ya sanduku la bati. Ni kigauni kidogo cha maua mekundu. Hulitoa na kulitandaza juu ya magoti, kama mtu anayeonyesha hati ya nyumba.

Hivyo ndivyo kisa kilivyo sasa, lakini hakikuzaliwa kizima. Ukimbana vizuri, na hakuna anayethubutu, atakiri kwamba alipokuwa mdogo alichokikumbuka ni maumivu, dari, na harufu ya nywele zikiungua. Basi. Aliyeshika pasi aliingizwa kwenye kisa na mama yake. Kila alipokuwa akimwosha kovu lile, mama alikuwa akisema, "Dada yako huyo. Wivu wa gauni tu." Akalisema leo, akalisema kesho, mpaka dada akaingia ndani ya picha na pasi yake mkononi. Maneno "Sasa livae" yaliingia baadaye, kwenye umri wa shule, Misumari alipohitaji kisa cha kuwatisha wenzake. Kicheko kiliingia akiwa mtu mzima.

Aliyekigundua kicheko hicho ni binti yake, ambaye kazi yake ni kupima watu macho na ana tabia ya kusikiliza kuliko inavyohitajika.

"Mama, zamani mama mkubwa hakuwa anacheka," binti alisema siku moja wakinywa chai. "Nilipokuwa mdogo ulisema alikuwa analia."

"Nani alikuwa analia?"

"Mama mkubwa. Ameshika pasi, analia."

"Huna unachokijua wewe. Ulikuwepo?"

Binti akakiinua kikombe chake. Kwenye nyumba ile kulikuwa na mambo ambayo mtu akitaka chai yake iishe kwa amani haulizi mara mbili.

Sasa huyo dada. Wiki moja baada ya kuungua kwa mdogo wake alipelekwa kwa shangazi, dada wa baba yao, na huko akakaa miaka tisa. Aliteka maji, akalea watoto wa shangazi, shule ikaishia hapohapo, na akaolewa akitokea huko. Misumari hakuwahi kumwonea huruma. Alimwita "yule wa kwa shangazi", na mara chache yule alipokuja kumwona mama, Misumari alitoka kwa mlango wa nyuma. Misibani walikaa kwenye mikeka tofauti. Wakihitaji kuambiana jambo, walipitisha kwa mtu wa tatu aliyekaa katikati yao na kutazama pembeni.

Mama alifariki, na miezi minne baadaye mjomba akaja karakanani. Huyu ni mdogo wa marehemu mama, mzee aliyekula chumvi nyingi na ambaye maisha yake yote amekwepa ugomvi kwa kujitia hamnazo. Alisimama mlangoni akiivua na kuivaa kofia yake.

"Dada yako amefiwa na mumewe, unajua."

"Nasikia."

"Shemeji zake wamemtoa. Anaomba vile vyumba viwili vya nyuma. Na kochi la mama yenu."

Misumari aliitema misumari yote kiganjani ili aweze kusema vizuri. "Mjomba, nyumba hii nimemuuguza mama ndani yake miaka sita, peke yangu. Na huyo mtu alinichoma nikiwa na miaka mitano. Leo nilale naye chini ya paa moja?"

"Nyumba ni yenu wote wawili," mjomba alisema taratibu. "Ila lile jambo la pasi tunalijua sote. Ukisema mbele ya familia kwamba kwa sababu hiyo huwezi kuishi naye, hakuna atakayekulazimisha. Tutamtafutia pengine. Jumamosi tukae."

"Pengine wapi?"

Mjomba akavaa kofia. Hakuna pengine, na wote wawili walijua. Watoto wa yule dada walikuwa mbali na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Kwa hiyo mambo yalisimama hivyo: vyumba viwili vya nyuma vyenye nyufa, mwanamke wa miaka hamsini na minane asiye na pa kulaza kichwa, na kovu moja lililokuwa na uwezo wa kumfungia mlango.

Misumari alishaamua. Vyumba hapati. Kochi atapewa, tena kwa roho safi, maana alikuwa na mpango nalo. Angelivisha ile ngozi ya plastiki ya rangi ya matope, inayowekwa kwenye viti vya kusubiria daktari, ile inayonata mapajani. Yule wa kwa shangazi atake kumkumbuka mama, akalie ile. Wazo hilo lilimfurahisha asubuhi nzima, na sioni haja ya kumsafisha: lilikuwa wazo la roho mbaya, naye alilijua hivyo na akalipenda hivyohivyo.

Alhamisi akaliingiza kochi karakanani na kuanza kulivua. Nguo ya juu ilikuwa ya kahawia, kazi yake mwenyewe ya ujana, kazi yake ya kwanza, kabla hajawa na sheria. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza kwa fundi mvivu, akapigilia kahawia juu ya kilichokuwepo bila kung'oa hata msumari. Sasa aliing'oa kwa hasira, akiiona misumari aliyoipinda kwa kutojua.

Chini yake kulikuwa na maua mekundu.

Alikuwa hajayaona kwenye kochi hilo kwa miaka zaidi ya thelathini, na mkono wake uliruka kabla hajawaza lolote. Yalikuwa yaleyale, ya gauni. Yalipigiliwa kwa misumari ya viatu, na pembe zilishonwa kwa mkono wa mama, mishono mirefu ya mtu mwenye haraka. Misumari akaifuata mishono hiyo mmoja mmoja na kisu chake. Alipolitoa ua la mwisho kwenye mkono wa kochi, mkono wa kulia, akakuta kitambaa kilichokunjwa mara nne kama kitu cha kuziba. Akakinyanyua.

Chini ya hapo kochi lilikuwa la kijani, kijani kizito chenye manyoya kama blanketi. Na juu ya kijani hicho kulikuwa na alama ya pasi. Haikuwa ncha tu. Ilikuwa pasi nzima, nyeusi, imekula kitambaa mpaka gunia linaonekana.

Furaha iliyompata ilikuwa kubwa kiasi cha kumwaibisha. Ushahidi huu hapa. Jumamosi angeliweka kochi katikati ya chumba, angelifunua, na yule wa kwa shangazi angekosa pa kuuweka uso wake. Alikwenda kuchota maji, akanywa, akarudi akiwa bado anatabasamu. Ndipo akasimama na kikombe mkononi.

Kama pasi iliunguza kijani, maua yalikuwa wapi siku hiyo?

Akainama. Maua hayakuwa na hata doa la moto. Yaliwekwa baada ya pasi. Alitazama tena ule mkono wa kochi, safari hii kwa jicho la kazi. Kuzunguka alama kubwa kulikuwa na alama nyingine ndogondogo za rangi ya chai, moja juu ya nyingine, ishirini au thelathini, zote zimeelekea upande mmoja. Mtoto mwenye wivu hawezi kuacha alama kama hizo kwa siku moja. Ziliachwa na mtu aliyekaa kwenye kochi hilo miaka, akatandika kitambaa kilichokunjwa juu ya mkono wa kochi, akapiga pasi hapohapo. Na kwenye nyumba yao mtu aliyepiga pasi akiwa amekaa alikuwa mmoja tu, kwa sababu nyonga yake ilikuwa mbovu tangu ujana.

Fundi akitaka kujua kitambaa ni cha nini, huchomoa uzi akauchoma. Pamba hunuka karatasi, nailoni hunuka plastiki. Misumari alichomoa uzi mmoja wa kijani, akauwashia kiberiti, akausogeza puani. Ilikuwa sufu. Na sufu ikiungua inanuka nywele.

Alikaa chini sakafuni. Miaka yote alidhani ile harufu ilikuwa ya nywele zake mwenyewe, na aliwahi hata kusimulia kwamba dada alimchoma hata nywele. Kumbe lilikuwa kochi. Kitu kimoja alichokikumbuka yeye mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, ndicho kilichokuwa kweli, na hakikuwa na dada ndani yake.

Ijumaa alifungua sanduku la bati. Alikuwa amelitoa gauni lile labda mara mia, lakini alilitazama kwa hasira, na hasira haioni mishono. Sasa alilitandaza juu ya meza ya kukatia pamoja na maua aliyoyavua kwenye kochi. Mgongo wa kochi ulikatwa kipande kizima, ua kubwa limewekwa katikati sawasawa. Gauni lilikuwa la viraka. Lilikuwa na mshono katikati ya kifua, mahali ambapo hakuna fundi duniani anayeweka mshono isipokuwa kitambaa kimemwishia. Mkono mmoja ulikuwa umeungwa mara mbili. Pindo la chini, alipolisogeza, lilikaa kwenye pengo la kitambaa cha kiti bila kubaki nafasi ya kucha.

Kwa hiyo kochi lilikatwa kwanza, gauni likatoka kwenye mabaki. Na kochi lilivishwa maua ili kuficha alama ya pasi. Siku alipoungua, gauni halikuwepo, wala kitambaa hakikuwepo. Wivu wa gauni ulikuwa wa nini?

Msomaji atafikiri hapo alilia. Hakulia. Alichukia, na kibaya zaidi hakujua pa kuipeleka chuki hiyo. Mama alikuwa kaburini. Mama ambaye Misumari alimwogesha miaka sita, akamlisha kwa kijiko, na ambaye hata kwenye siku za mwisho, akilishika kovu lile kwa vidole vyake vikavu, alisema, "Dada yako huyo." Alilisema mpaka mwisho. Labda na yeye alikuwa amelisema mara nyingi mpaka akalikumbuka. Misumari alilitupa gauni sakafuni, akaliokota, akalitupa tena.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu awe na karakana yake. Alichukua ile ngozi ya plastiki ya rangi ya matope, akaitandaza moja kwa moja juu ya kijani kilichoungua, akapigilia. Hakuvua hata uzi. Akaweka msumari, akapiga, akaweka mwingine. Vyumba vyake vitabaki vyake. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye, na yeye angeweza kufunga mdomo. Aliufungua mara nyingi sana maishani, siku moja ya kuufunga isingemuua.

Jumamosi saa nne asubuhi walikaa sebuleni. Alikuwepo mjomba, binamu wawili wa kushuhudia, na binti yake aliyekaa karibu na dirisha. Yule wa kwa shangazi aliingia na mfuko mmoja wa nguo. Alikuwa amekonda, na viganja vyake vilikuwa vigumu, vya mtu aliyefua nguo za watu maisha yake yote. Nafasi iliyobaki ilikuwa kwenye kochi la mama. Akaketi juu ya plastiki, ikalia chini yake.

Mjomba alikohoa kuanza, lakini dada akamtangulia.

"Kabla hamjasema la vyumba, nina langu," alisema akitazama sakafu. "Mdogo wangu, nimekuja kukuomba msamaha. Sijawahi kukuomba."

Binamu wawili wakatazamana.

"Kwanza nilikuwa nakataa," dada aliendelea. "Kwa shangazi nilikataa mwaka mzima. Ananichapa, nakataa. Anasema sema kweli, nakataa. Baadaye nikachoka, nikasema ndiyo. Ukishasema ndiyo unaanza kuona. Sasa nakumbuka vizuri tu. Nakumbuka uzito wa pasi. Nakumbuka nilikuwa nayaangalia yale maua ya kochi, mekundu, ili nisikutazame wewe. Nilikuchoma. Nisamehe."

Miaka arobaini na saba Misumari alikuwa ameyangoja maneno hayo. Alikuwa ameyapanga kichwani kwa kila namna: yule akipiga magoti, yule akilia, yule akiyasema mbele za watu. Sasa yamekuja, kamili, tena na mashahidi, na yalikuwa ya bure kama gauni la viraka.

"Basi," mjomba alisema haraka, uso umemng'aa kwa nafuu. "Kasema mwenyewe. Yameisha. Sasa mwenye nyumba aseme kama—"

"Inuka," Misumari alisema.

Dada alimtazama.

"Inuka kwenye kochi."

Aliinuka taratibu, akashika mfuko wake, akidhani amefukuzwa. Binamu mmoja akanong'ona kwamba si vizuri hivyo. Misumari alikwenda karakanani, akarudi na koleo, akapiga goti, akaanza kung'oa misumari aliyoipigilia jana yake. Ilidondoka sakafuni mmoja mmoja. Alivuta plastiki kwa mikono miwili mpaka ikatoka yote, na kochi likabaki la kijani, na tundu lake jeusi mkononi.

"Maua uliyaona wapi?" alimuuliza dada yake.

"Kwenye kochi."

"Kochi lilikuwa hivi. Hii ndiyo pasi iliyonichoma, hii hapa. Maua mama aliyaweka baadaye, kuifunika. Gauni alilishona kwa mabaki, baada ya hapo. Hukuweza kuyaona. Mimi pia nayaona, mpaka leo, na sikuweza kuyaona."

Dada alisogea, akaweka kiganja chake juu ya alama ile. Kilitosha kuifunika.

"Mjomba," Misumari alisema bila kugeuka. "Ulikuwa na miaka ishirini na nane wakati ule. Ulikuwa unakuja hapa kila siku kula. Sema."

Mjomba alivua kofia. Aliitazama chai yake kama mtu anayetafuta mlango ndani ya kikombe. "Mambo ya zamani haya."

"Sema, au unywe chai yako ya mwisho kwenye nyumba hii."

"Alikuwa anapiga pasi mashati ya baba yenu," mjomba alisema hatimaye. "Pale kwenye mkono wa kochi. Baba yenu alishamkataza, kochi lilikuwa la thamani, na mashati mawili alikwisha kuyaunguza. Alimwambia la tatu atarudi kwao. Siku hiyo jirani akamwita mlangoni, akaiacha pasi hapo. Wewe ulikuwa unapandapanda kwenye kochi, unacheza, ikakuangukia mkononi. Mkubwa alikuwa nje, aliingia aliposikia kilio. Yeye ndiye aliyeinyanyua pasi."

"Analia," binti alisema kutoka dirishani, kwa sauti ndogo.

"Baba yenu alikuwa safarini siku nne. Aliporudi alikuta kochi lina maua, mtoto ana bendeji na gauni jipya la kumpoza. Akauliza ni nani. Mama yenu alikuwa na hofu. Akasema ni mkubwa. Hakujua kwamba atampeleka kwa dada yake. Alidhani ni viboko viwili vya siku moja, yaishe."

"Na wewe ukajua," dada alisema.

"Niliambiwa tu."

"Miaka yote ukajua."

Binamu mmoja aliangalia saa. Misumari alikuwa bado amepiga goti sakafuni na koleo lake, na neno ambalo hakuwa amelitumia tangu akiwa na miaka mitano likamtoka lenyewe.

"Dada."

"Usiniite hivyo."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayehesabu nguo alizopewa kufua. "Miaka tisa nimelala jikoni kwa shangazi. Nimetoka shule. Watoto wangu wanajua mama yao alimchoma mtoto, niliwaambia mwenyewe, niliona ni haki wajue. Na sasa hivi nimekuomba msamaha mbele ya watu hawa. Nirudishie."

"Nikurudishie nini?"

"Msamaha nilioomba. Haukuwa wako. Sema mbele yao kwamba umenirudishia."

Misumari, ambaye ulimi haujawahi kumkwama, alihangaika kuupata. "Nimekurudishia," alisema.

"Na wa kwako usiniombe leo. Siutaki. Nitakuambia siku nikiutaka." Dada aliuweka mfuko wake begani. "Vyumba siviombi tena. Nipe ufunguo."

Misumari aliinuka, akautoa ufunguo mfukoni mwa aproni, akampa. Dada alipita ukumbini kwenda nyuma, na wote wakasikia mlango wa chumba ukikwama, ukisukumwa kwa bega, ukafunguka.

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Wanaishi pamoja na hawapatani. Dada anakula peke yake, anafagia nusu yake ya ua na kusimamisha ufagio penye mpaka. Kochi liko chumbani kwake, la kijani, na tundu lake. Misumari alijitolea kulivisha kitambaa chochote anachotaka, akajibiwa kwamba liachwe kama lilivyo, limefunikwa vya kutosha. Mjomba haji tena kunywa chai. Gauni liko kwenye ndoo ya mabaki karakanani, na mara mbili Misumari amelichukua akitaka kulikatakata liwe vya kufutia gundi, akalirudisha.

"Sasa unakumbuka nini?" binti yake alimuuliza hivi karibuni.

"Vilevile."

"Vilevile vipi? Si unajua?"

"Najua. Nikifumba macho namwona ameshika pasi, nyuma yake maua. Anacheka." Aliokota nyundo. "Unafikiri kuna koleo la kung'olea hicho?"

Wiki iliyopita, asubuhi, dada alikuwa anatoka uani na pasi ya mkaa aliyoipuliza mpaka ikakolea, akielekea chumbani kupiga nguo zake. Misumari alikuwa anatoka karakanani. Wakakutana ukumbini, mahali pembamba. Kabla hajajua anafanya nini, Misumari alikuwa amebana ukutani na kuuficha mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, kama mtoto.

Dada alisimama. Aliiona ile hali yote, mgongo ukutani, mkono uliofichwa, macho. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye matundu ya pasi.

"Bado?" aliuliza.

"Bado."

Dada aliishusha pasi mpaka chini, upande wa mbali, akasimama hapo akisubiri, mpaka mkono wa mdogo wake ulipotoka nyuma ya mgongo na kushuka ubavuni. Ndipo akainua pasi yake na kupita.